Ekzosi ya Trekta

Juzi hapa Eldoret gari langu lilikataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya moshi. Nilikuwa nje ya geti nimenuna nilipoona pikapu ya mama mmoja wa Yamumbi ikitoka na cheti. Mzee aliyekuja naye akashuka, akajilaza chini, akafungua ekzosi iliyotoka kupimwa na kuanza kufunga nyingine ya trekta, ndefu, imesimama wima nyuma ya kebini.

“Mama, si mmepita? Mbona mnabadilisha?”

“Ile ni ya ukaguzi tu,” akasema. “Wakati wa vita vya uchaguzi nilikuwa nakimbiza watoto. Walikuwa huko nyuma chini ya turubai, na moshi wote unawaingia. Huyu jirani akaniambia, ngoja. Aling'oa ekzosi ya trekta yake akanifungia hii, ndiyo moshi uende juu. Na watu wa kwao, wale wale waliokuwa wakitufukuza, wamesimama hapo wakimwangalia.”

“Trekta ilipiga kelele mwaka mzima,” mzee akacheka huko chini.

“Na siku hizi pikapu inabeba nini?”

“Kabeji.”

Nikasema kabeji hazikohoi. Mama alinitazama hadi nikaangalia viatu vyangu.

Hapo yule mkaguzi aliyenikatalia akatoka kwenda kunywa chai, akatukuta, akasimama. Nikajua cheti cha mama kimeenda.

Akainama, akachungulia chini ya pikapu.

“Mzee, hiyo bolti ya juu kaza vizuri. Mwaka jana uliiacha imelegea.”