Kona ya Matope Inayopandwa Kinyumenyume

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya kabeji ya Werugha. Tryphena Wakesho anafika chini ya kona yenye matope, anaigeuza Probox yake, kisha anapanda kilima kwa rivasi, shingo ameipinda nyuma kama anayemtafuta mtu kanisani.

Nimekaa kando yake nikishikilia mlango. Tunafika juu bila kuteleza.

"Gari hii inavutwa na magurudumu ya mbele," anaeleza. "Ukipanda kinyumenyume, uzito unayalalia hayo hayo. Yanashika."

Kwa miaka tisa mama huyu wa miaka 47 amekuwa akikusanya maziwa ya wafugaji na kuyateremsha hadi Voi, lita 280 kwa siku. Kazi hiyo ndiyo inayomsomesha bintiye, Daisy, chuoni. Sasa huenda akaipoteza. Kamati ya wafugaji inataka kuanzia Julai maziwa yabebwe na magari ya fowili pekee, yaani yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne.

Fowili kuukuu aliyoulizia Voi ilikuwa shilingi milioni moja na nusu. Yeye hubaki na kama elfu moja kwa siku. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Mwenyekiti wa kamati, Danson Mwandawiro, si mtu mbaya. Anasema maziwa yakichelewa mara moja tu, mteja anahama, naye anataka kulala bila wasiwasi. Lakini ukimuuliza maziwa yaliyomwagika Aprili yalikuwa kwenye gari gani, anakohoa kwanza. Yalikuwa kwenye fowili ya kukodi, siku ambayo Tryphena alikuwa mgonjwa. Dereva wa fowili hiyo aliiamini mno, akateremka mbio, akaishia mtaroni.

"Magurudumu manne yanakusaidia kupanda," anasema Tryphena. "Kusimama kwenye mteremko, sisi sote tuna breki tu."

Nakiri nilikuja huku nikitarajia aniambie fowili ni maringo ya watu wa mjini. Hasemi hivyo. Mwaka jana kona hii ilimshinda siku nne. Aliegesha kwenye lami, wafugaji wakamletea mitungi kwa punda.

"Siku hizo nne niliitamani, siwezi kukudanganya," anasema. "Hizo nyingine zote ningekuwa nachoma mafuta bure."

Kamati itapiga kura Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tryphena amewaomba kitu kimoja tu: kabla ya kura, mwenyekiti apande naye asubuhi ya mvua, kisha ateremke naye mitungi ikiwa imejaa. Mzee Danson amekubali.

Na wakikwama? Namuuliza huku akifunga mtungi wa mwisho kwa kamba. Anakaza fundo.

"Nimemwambia mzee avae gambuti. Tukikwama, atashuka tusukume pamoja, halafu akapige kura yake."