Maneno ya Fundi Kinywani mwa Shemeji

Fundi cherehani huyu, ukimpelekea gauni la kuongezwa upana, atakutania kwa kunenepa mpaka ulipe huku unacheka. Watu wa kabila lake mjini ni wachache mno, mtaa mmoja unawatosha wote. Ukisikia lugha yao sokoni, ujue ni ndugu yake anapita.

Mumewe alipofariki, wazee wa ukoo waliamua nyumba iende kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Ndivyo walivyozoea tangu zamani, ili nyumba isitoke mikononi mwa ukoo. Mjane arudi kwao na cherehani yake. Eti arudi kwao! Mwanamke aliyeshona mapazia ya watu mpaka macho yakamuuma, na nusu ya mabati ya paa lile yakatoka kwenye sindano yake. Wakili wa msaada wa kisheria alimwambia haki iko upande wake, aende tu mahakamani. Fundi alishukuru kwa dhati, akasema bado. Akiwashinda wazee kule atabaki na nyumba, lakini lugha ya mama yake ataongea na nani?

Akaomba kikao. Hapo sasa ndipo penye kazi, maana kwa desturi yao mwanamke hasemi kikaoni. Husemewa na mwanamume wa nyumbani kwake, naye msemaji ni mwiko kubadilisha hata neno moja. Na mwanamume aliyebaki nyumbani kwa Fundi alikuwa nani? Shemeji huyo huyo.

Basi Fundi akawa ananong'ona, shemeji anatamka.

"Nyumba hii nimeijenga na mume wangu," alisema yule baba mzima na ndevu zake. "Nimemuuguza humo. Na shemeji yangu nampenda, nimemlea kwa mikono hii."

Hapo akatazama viatu vyake. Kweli Fundi alimlea, tangu alipoletwa kwa kaka yake hajui hata kufunga viatu. Fundi akamnong'oneza lililobaki. Shemeji akamgeukia.

"Hili siliwezi, shemeji. Simama uliseme mwenyewe."

Fundi akasimama.

"Anataka kunitoa nje," akasema.

Hakuna aliyebisha, hata shemeji mwenyewe. Wazee wakamwachia Fundi nyumba, kwa sharti alilolikubali kwa moyo mweupe, kwamba isije ikauzwa nje ya ukoo. Siku hizi shemeji huja kula pale kila Jumapili, na Fundi akisali humshukuru Mungu kwa ajili yake kabla ya kujiombea lolote. Shemeji angeweza kulimeza neno lile kikaoni akakaa chini, na nani angejua?

Kikao kilichofuata kilihusu maji ya bomba. Kabla mwenyekiti hajamaliza salamu, mama mkwe wa Fundi, kikongwe wa kutembelea mkongojo, alisimama bila msemaji. Alianza na siku aliyoozwa, akaongea mpaka jua likazama, na maji hakuyataja hata mara moja.