Mbwa Aliyeitwa Dirisha

Kila treni inapopiga honi ikiingia Kamina, na siku hizi haiingii mara nyingi, inanirudia siku moja ya ujana wangu ambayo ningependa kuisahau. Sijaisahau. Jana uliponionyesha kwenye simu yako picha ya mtoto wa mbwa, masikio yamesimama, manyoya yanang'aa, ukaniambia muuzaji yuko Lubumbashi na anataka avansi, yaani malipo ya kutangulia, leo leo kabla mwingine hajalipa, nilinyamaza. Ulidhani bibi yako haelewi mambo ya simu. Naelewa, mwanangu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Acha nianze na baba yangu. Alifanya kazi ya reli, ile ya kutembea kwa miguu tangu asubuhi akiangalia kama kuna msumari uliolegea au taruma lililooza, na mbwa wake alimfuata nyuma. Mbwa huyo aliitwa Batasema. Desturi ya kwetu unaijua: jina la mbwa ni barua kwa mtu. Neno usiloweza kumwambia mwenzako usoni unampa mbwa wako, kisha unaliita kwa sauti kila siku. Mama alipofariki, baba alikataa kuoa tena, na kambi yote ya reli ikawa na maneno. Baba hakugombana na mtu. Alitafuta mbwa, akamwita Batasema, yaani waache waseme, na kila alipomwita aje kula, majirani walipata jibu lao.

Nilipokuwa msichana mkubwa, nikinunua samaki wakavu Bukama na kuwauza mbali, baba alikuwa amestaafu na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Batasema ndiye aliyemtangulia njiani kwenda kanisani, akamngoja mlangoni, akamrudisha nyumbani. Walikuwa wamezeeka pamoja. Mimi nikawa na hofu: mbwa akifa kwanza, nani atamwongoza baba? Nikaona nitafute mtoto wa mbwa mapema, ajifunze kazi kwa mbwa mzee angali hai. Nia yangu ilikuwa njema, na hilo nalisema bila aibu, ila nia njema haina macho.

Sasa sikia ugonjwa wetu sisi watoto wa reli. Tulinunua kila kitu dirishani. Treni ikisimama, wauzaji wanakuja na mabeseni kichwani, nawe unatoa mkono: asali, uyoga, unga, kuku. Ukiwa unakwenda unatoa avansi, ukirudi unachukua mali yako na kumaliza deni. Mimi nilikuwa bingwa wa dirisha. Nilijisifu kwamba naweza kuchagua kuku kabla ya treni kusimama sawasawa.

Safari ile nilikuwa napeleka samaki Likasi. Treni iliposimama Luena, akaja mwanaume mmoja na beseni la watoto wa mbwa. Akanyanyua mmoja, mnene, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, anauma mkono wa shati lake kwa furaha. Moyo wangu ukaenda. Sikuuliza mama yake yuko wapi, wala walizaliwa lini, wala yule mtu anakaa mtaa gani. Ningeuliza saa ngapi? Treni ingeondoka. Nikatoa avansi, akaniahidi kunitunzia hadi nirudi.

Nilirudi baada ya siku tisa. Mtu yule alikuwepo, na hilo lilinifurahisha, maana wengine hupotea kabisa. Akanipitishia dirishani mtoto wa mbwa aliyefungwa kwenye kitambaa. Doa jeupe lilikuwepo, lakini kubwa zaidi. Macho yalitoa tongotongo, pua imekauka, na nilipompa kidole hakuuma. Nikasema huyu si yule.

"Njo yeye, yaya," akaniambia, akiniita dada ili kunibembeleza. "Anakonda kidogo juu tulimuachisha maziwa."

Nikataka avansi yangu. Akasema watoto wake wameshaila. Honi ikalia. Mwanangu, watu wengi wakisimulia habari kama hii husema walidanganywa. Mimi sikudanganywa. Niliona. Lakini nikafikiri nikimkataa nitakuwa nimepoteza avansi, na nikimchukua huenda akapona njiani. Kwa ajili ya fedha kidogo iliyokwisha kutoka, nikatoa na nyingine iliyobaki. Avansi kazi yake ni kumfunga muuzaji, na mimi niliiacha inifunge mimi.

Nyumbani baba alimpapasa yule mtoto kuanzia mkia hadi kichwani. Mkono ukasimama kwenye pua, akauliza kama ni mzima. Nikajibu amechoka na safari. Basi baba akamwamini binti yake, akamwita Batasema aje kumpokea mgeni, na mbwa mzee akaja akamlamba macho.

Yule mtoto hakumaliza wiki. Tulipokwisha kumzika, Batasema akaanza kukohoa, kisha miguu ikawa inatetemeka, akawa hawezi kusimama. Alikufa asubuhi moja chini ya kiti cha baba, na baba alikaa hapo hapo hadi mchana mkono wake ukiwa juu ya shingo ya mbwa. Nililia sana. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni yake aliniuliza: kule Luena niliyaona macho ya yule mtoto? Nikasema niliyaona, akataka sababu.

"Sasa juu ya nini ulimukamata?"

"Juu ya avansi, Papa."

Halafu akasema, "Avansi ilikuwa ya weye. Batasema alikuwa ya minyi."

Avansi yangu, mbwa wake. Angenipiga ingekuwa nafuu. Wiki nyingi nilimshika mkono kwenda kanisani, na alitembea akijikwaa kwenye njia aliyoijua kuliko mimi.

Baadaye alinituma kwa Papa Kalenga, mwindaji mzee aliyekuwa akikaa mwisho wa mji, ambaye mbwa wake walijulikana. Nilifika na fedha mkononi, maana mjinga haachi desturi yake siku moja. Hakuiangalia. Aliniuliza mbwa atakuwa wa nani, atalala wapi, atakula nini, na yule wa kwanza alikufa na nini. Nilipomweleza, akanirudisha nyumbani nikachome vitambaa vyote walivyolalia wale wawili na kungoja mpaka mvua ioshe uwanja. Nikamwomba angalau apokee avansi, asije akawauzia wengine watoto wote wa mbwa.

"Mama yao hayazala bado," akasema. "Ntakuuzisha nini, tumbo?"

Walipozaliwa alinitumia habari. Alinikalisha karibu na mama yao hadi akala kwenye mkono wangu, kwa sababu, alisema, mama ndiye anayekuonyesha mtoto atakavyokuwa. Nilikwenda mara nne. Watoto walipokuwa wanakimbia na kula chakula kigumu, ndipo alipokubali kupokea avansi, tena mbele ya mke wake na kaka yake. Akachana ukingo wa kitenge changu, kipande kimoja akamfunga shingoni mtoto niliyemchagua, kingine akanipa nikakae nacho. Kisha akasema kwa sauti, wote tusikie: mbwa akifia kwake, avansi inarudi, mimi nikibadili mawazo bila sababu, inabaki kwake kwa chakula alichomlisha. Siku ya kumchukua tulilinganisha vipande vya kitenge, vikakutana. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Baba alipomshika yule mtoto na kukuta pua imelowa, alicheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. Nikamuuliza tumwite nani. Akanigeuzia uso kana kwamba ananiona.

"Dirisha," akasema.

Majirani walidhani ni utani wa mzee. Mimi barua yangu nilikuwa nimeipata. Kila asubuhi niliweka chakula na kuita, Dirisha, Dirisha, na kila nilipoita niliisikia ile honi na kuuona mkono wangu ukitoka nje ya behewa. Baba hakulizungumza tena jambo lile. Dirisha akamwongoza kanisani miaka mingi. Nguvu zilipomwishia baba, siku moja akiwa kitandani alinitaka nimwite mbwa aingie ndani. Nikamwita. Dirisha akalaza kichwa kwenye ukingo wa godoro, na baba akatafuta mkono wangu.

"Leo iko jina tu, mwana," akaniambia.

Barua ilikuwa imefutwa. Ndiyo maana nalia ninapokusimulia, wala si kwa huzuni tu.

Basi, mwanangu, hiyo simu yako nayo ni dirisha, na yule anayekuambia lipa leo leo ndiye honi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Shangazi yako yuko Lubumbashi: aende kwa huyo mtu mpaka uwanjani, amwone mama wa mbwa akinyonyesha, aone wanapolala, aulize karatasi ya chanjo na jina la daktari wa mifugo. Mfugaji wa kweli atakuuliza wewe maswali kabla hujamuuliza bei. Asiyeuliza kitu anatafuta fedha tu. Usilipie tumbo. Usilipie picha. Ukitoa avansi, iwe kidogo, iandikwe ni ya mbwa yupi na itarudi lini, na shahidi awepo. Na hili ndilo nililotaka kukuambia tangu jana: siku ya kumchukua, ukimwona si yeye, au si mzima, mwache, na avansi ipotee. Ipotee tu, urudi mikono mitupu, mimi nitakupikia ule. Usiingize ugonjwa nyumbani kwa kuhurumia fedha iliyokwisha kutoka.

Mungu akupe subira ya Papa Kalenga na moyo wa baba yangu. Akupe mbwa mwenye pua iliyolowa, azeeke miguuni pako, na jina lake uliite kila asubuhi bila kuinamisha macho.