Kamshafti ya Anayekaa Nyuma

Dada yangu Verna ameizunguka nchi hii karibu yote akitazama mgongo wa mwanamume mmoja. Miaka thelathini na moja amekaa nyuma ya mumewe Harlan kwenye pikipiki kubwa ya safari, ile yenye masanduku matatu na kiti kama kochi. Siku za kazi alipika katika jiko la shule hapa kwetu milimani Tennessee. Ijumaa akifunga jiko tu, masanduku yako tayari. Kuendesha hajawahi, wala hataki. Anasema anayeendesha huona barabara, anayekaa nyuma huona nchi.

Machi mwaka huu alipasuliwa shingo. Daktari akamruhusu kurudi kwenye pikipiki kiangazi, mradi shingo isitikisike ovyo. Siku hiyohiyo Verna akanivuta jikoni kwake akaniambia kwamba atajaribu mara moja, na maumivu ya mwaka jana yakirudi anashuka, hapandi tena. Harlan hakuambiwa. "Nikimwambia leo, kesho ataiuza," alisema. Nilikasirika sana. Ndoa yao, halafu siri yao nibebe mimi!

Mwezi wa tano injini ikaanza kugonga. Fundi wetu, Coy Ledford, akaifungua akakuta kamshafti imekwisha. Ni kile chuma chenye nundu zinazofungua valvu. Nundu moja ilikuwa imelika hadi ukiipapasa kidole kinanasa. Ikabidi itiwe mpya, na mpya ziko za kila tabia. Harlan akatangaza kwamba anataka ile kali kuliko zote. Kisa chenyewe ni upuuzi. Jumamosi asubuhi wazee wenzake hukutana mkahawani kwa mayai na soseji, na ukutani wamebandika karatasi za mashine inayopima nguvu za injini. Karatasi ya Harlan ilikuwa ya mwisho, chini hata ya ile ya mchungaji.

Siku ya kuchagua niliwapeleka gereji kwa gari langu. Coy alikuwa ameweka kamshafti mbili juu ya meza, kwenye kitambaa safi.

"Hii kali ina nguvu kweli," alisema, "lakini huamka injini ikizunguka kwa kasi. Huku chini imelala. Hii ya pili inafunga valvu mapema, kwa hiyo inavuta tangu chini. Mlimani unakaa kwenye gia ileile, unapanda zako."

"Weka kali," Harlan akasema. "Sijazeeka kiasi hicho."

"Kwa hiyo mlimani dada yangu ashuke asukume?" nikamuuliza.

"Shemeji, wewe pikipiki umeziona kwenye kalenda tu. Nyamaza."

Coy hakucheka. Ana desturi yake: pikipiki ikiwa ya watu wawili, humhoji wa nyuma. Akamgeukia Verna.

"Bi Verna, mkipanda hadi kilele cha Buckner, mzee hubadili gia mara ngapi?"

"Kumi na nne," Verna akajibu papo hapo.

Harlan akaangua kicheko. "Utajuaje wewe? Mlimani huwa umesinzia! Kichwa chako kinanigonga kisogoni njia nzima. Hata mkahawani wanajua."

"Sijawahi kusinzia, Harlan. Ukibadili gia pikipiki inashtuka, helmeti yangu inagonga yako. Mara hizo ndizo ninazohesabu. Kumi na nne. Ukiwa unafukuzana na wenzako, ishirini."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na shemeji yangu kiti cha nyuma hakuwahi kukikalia hata siku moja. Alimtazama mkewe, macho yakashuka kwenye kovu la shingoni, kisha akaiokota ile kamshafti ya pili na kumpa Coy.

"Weka hii."

"Na mkahawani utasemaje?" Coy akamuuliza.

"Nitasema mchungaji kanishinda. Weka hii, bwana."

Jumatano iliyofuata wakaenda kupanda Buckner. Nilibaki gereji na Coy nikijifanya natazama matairi, na ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa najua dada yangu akishasema jambo limekwisha, basi limekwisha. Saa moja na nusu baadaye wakarudi, injini ikinguruma chini kwa chini. Verna akashuka wa kwanza. Akavua helmeti, akaizungusha shingo kushoto, akaizungusha kulia, polepole.

"Ngapi?" Harlan akamuuliza.

"Tatu. Tena za upole."

"Enhe!" Harlan akatabasamu hadi masikioni. "Sasa ningeweka ile kali ungefanyaje?"

"Ningeshuka leo nisipande tena."

Akadhani ni utani. Akanigeukia mimi ili tucheke pamoja, nami nikarudi kutazama matairi.

"Shingo ilikuwa inaniuma tangu mwaka jana," Verna akasema. "Nilishaamua. Nilikuwa nakupa safari moja tu."

"Na ungeniambia lini?"

"Leo, tukishafika hapa."

Harlan akakaa kwenye ngazi ya gereji, helmeti ikiwa bado kichwani, akalia waziwazi mbele ya Coy na mbele yangu. Verna akakaa kando yake akamfungulia kamba ya kidevuni.