Siku za Kukatwa za Yallavva

Kitaluni waliziita siku za kukatwa. Kila baada ya miezi michache karani alimwambia Yallavva, kama alivyowaambia vibarua wote, "Kesho usije. Keshokutwa njoo uanze upya." Kwa siku hiyo moja kazi yake ilihesabiwa kuwa imekoma. Siku iliyofuata alirudi kama mgeni, ingawa nywele zake zilikuwa zimeota mvi katika kitalu kile kile cha idara ya misitu, akijaza udongo kwenye mifuko ya nailoni na kumwagilia miche. Kibarua ambaye kazi yake hukatika hawezi kudai mshahara wa mwajiriwa wa kudumu. Siku zile ziliwekwa kwa ajili hiyo, na kila mtu alijua.

Lakini miche haikuzijua. Mwezi wa nne, jua la Karnataka, kusini mwa India, linapochoma, mche usiokunywa asubuhi huinamisha kichwa kabla ya jioni. Kwa hiyo Yallavva alikuja. Alipenya kwenye pengo la ugo wa michongoma, akiwa amevua bangili zake za kioo zisije zikalia, akamwagilia kimya kimya, kisha akajibanza kwenye kibanda cha mbolea mpaka karani aende kula. Hakulipwa, wala hakudai. Aliona haya tu kuacha kitu hai na kiu.

Aliyemwona ni Shantala peke yake.

Shantala aliletwa kitaluni na msiba. Mumewe, askari wa misitu, alifia kazini, na serikali ikampa mjane ajira ya kudumu, kama ilivyo desturi. Siku ya kwanza alilishika jembe kama mtu aliyeshika nyoka. Yallavva ndiye aliyemfundisha.

"Msandali haukai peke yake," alimwambia, huku akichomeka mbegu ya mbaazi kando ya kila mche. "Mizizi yake hunywa kwa jirani. Ukiing'oa mbaazi, umeuua msandali."

"Kumbe mnyonyaji," Shantala akasema, akacheka. Hakuwa amecheka tangu amzike mumewe.

"Usiutukane. Ndivyo ulivyoumbwa."

Tangu hapo walifanya kazi bega kwa bega, mstari mmoja, mpira mmoja wa maji, na mchana waligawana mikate ya mtama. Mwisho wa mwezi ndipo walipoachana. Shantala alikuwa na mshahara, likizo, matibabu, na pensheni iliyomngoja mbele. Yallavva alikuwa na ujira wa kibarua na mume aliyekuwa akikohoa kitandani. Shantala aliona aibu, akawa ananunua peda, vitamu vya maziwa vya Dharwad, na kumsogezea pakiti nzima.

"Kula, dada."

"Unataka ninenepe, nikwame kwenye ugo?"

Kisha vibarua wakafungua kesi. Kazi ni moja, walisema, basi mshahara uwe mmoja. Wakili wao, mama mmoja mwembamba mwenye haraka, alimketisha Yallavva.

"Idara inasema kazi yako hukatika. Nani alikuona siku hizo?"

"Nilikuwa najificha, mama."

"Ulijificha vizuri?"

"Vizuri sana. Mmoja tu ndiye aliyeniona."

Wakili akavua miwani, akajifuta macho. "Basi huyo mmoja aliyekuona lazima aseme. Asiposema, hatuna kitu."

Shantala hakusubiri kuombwa. "Nitasema, dada. Nitasema hata unavyozivua bangili."

Siku chache kabla ya kesi kusikilizwa, ofisa wa kitalu alimwita Shantala ofisini. Hakumfokea. Alimpa chai, akamuuliza binti yake anaendeleaje na shule, akataja kituo kimoja huko milimani, kusikofika basi wala kusiko na shule, ambacho kilikuwa kinatafuta mtu. Shantala aliimaliza chai. Alipotoka hakumwambia Yallavva neno.

Mahakamani, mwanasheria wa idara alimuuliza, "Siku ambazo Yallavva hakuwa kazini, ulimwona kitaluni?"

Shantala alitazama viganja vyake. "Sikumwona."

"Nani alimwagilia miche?"

"Mimi."

"Na siku nyingine, yeye kazi yake hasa ni nini?"

"Ananisaidia."

Yallavva hakulia. Alimtazama vidole vyake, akaviona vimelishika pindo la sari kama vilivyolishika jembe siku ile ya kwanza.

Hukumu ilipotoka, dai la Yallavva lilikuwa limetupwa. Vibarua wenzake walimzingira Shantala langoni.

"Leo peda umemnunulia nani?"

"Msogelee bwana mkubwa, umsaidie."

"Mwacheni," Yallavva akasema. "Ana mtoto."

Siku ya kukatwa iliyofuata iliangukia katikati ya joto. Alfajiri Yallavva alioga, akavua bangili kwa mazoea, akazishika mkononi, akaketi kizingitini.

"Huendi?" mumewe akauliza kutoka kitandani.

"Nimekatwa."

Jioni Shantala alikuja. Alivua viatu, akasimama nje, hakuthubutu kuingia.

"Dada, miche ya msandali inanyauka. Nimemwagilia, nimerudia, inazidi kulala."

"Mbaazi zimo?"

"Mkaguzi anakuja. Bwana kasema kila mfuko uwe na mche mmoja, upendeze. Nimezing'oa asubuhi. Nilijua, dada. Sikuweza kumkatalia."

"Najua."

Yallavva aliingia jikoni, akarudi na konzi mbili za mbaazi za kupika, akamfungia kwenye pindo la sari yake kama mtu amfungiaye mtoto nauli. "Panda usiku huu. Itakayopona itapona."

"Twende wote. Karani kaondoka. Kule kwenye ugo hakuna wa kutuona." Shantala akanyosha viganja vyake. "Mikono yangu hainitoshi."

"Leo mimi sipo, mdogo wangu. Ulisema mwenyewe."

Shantala akainama, akamgusa miguu kwa heshima, akaondoka mbiombio na kifundo chake cha mbaazi.

Yallavva alibaki kizingitini. Alianza kuzirudisha bangili mkononi, moja baada ya nyingine. Bangili zikalia. Akaziacha zilie.