Teke la Dada

Kila ninapompeleka binti yangu kwenye mazoezi ya taekwondo, harufu ya mikeka ya mpira iliyoloa jasho hunirudisha kwenye siku ambayo baba alituzungusha Dodoma nzima kututafutia shule ya taekwondo, mimi na dada yangu asiyeona. Aliyeutamani mchezo huo ni dada. Mimi nilifuata tu. Shule mbili zilitukataa. Katika ya tatu, mwalimu alimwambia baba, "Mzee, huyu mdogo nitampokea. Huyu mkubwa ataumia."

Dada alinishika bega. "Nenda wewe. Ukirudi utanifundisha."

Kila jioni ya likizo ile alinisubiri uani, peku, ngumi amezikunja. "Leo mmejifunza nini?"

"Nimechoka, dada. Kesho."

Likizo ikaisha, akarudi bwenini, kwenye shule ya wasioona ya Buigiri. Sikuwa nimemfundisha hata teke moja.