Pointi Zilizogeuka Hasi

Juzi nilikuwa nikijaribu gemu ninayoitengeneza. Pointi za mchezaji zilipanda, kisha ghafla zikageuka hasi. Nafasi ya kuhifadhi namba ilikuwa imejaa, na namba ikizidi hapo hurukia chini ya sifuri. Nilirekebisha kosa, lakini hasira ya zamani ilinipanda.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, sebule yetu ya Msambweni ilinukia mihogo ya kukaanga na plastiki ya mashine ya gemu iliyopata moto. Binamu yangu Bakari, aliyekuja na gemu yake kutoka Ukunda, aliapa kwamba msichana hawezi kumpita. Nilimpita. Niliendelea kutungua ndege za adui mpaka pointi zangu zikatokea na alama ya kutoa mbele.

"Umeona? Hata mashine imekukataa," Bakari alisema, na ndugu zangu wakacheka.

Nilimwamini. Nilidhani Mungu amenipokonya ushindi kwa kujigamba kwangu. Nikamrushia pedi ya kuchezea gemu, ikampasua mdomo.

"Mwombe radhi mwenzio," mama alifoka.

"Sitaki!"

Sasa najua kwamba nilishinda mpaka mashine ikashindwa kuhesabu. Bakari sijamwomba radhi, wala sitamwomba.